Meno Hayadanganyi

...na asikohoe, Mungu wangu, asikohoe sasa, kukohoa atakohoa nyumbani, hapa asimame wima kama alivyofundishwa, kidevu juu, mabega nyuma, na viatu vya marehemu kaka yake visimchomoke miguuni, maana humo ndani Kezia ameshindilia takataka za pamba mpaka visigino vya mtoto vimeinuka, na kidole gumba cha daktari Pilling kimeshaingia kinywani, kinene, chekundu, kina ugoro ukuchani, kidole ambacho tangu asubuhi Mungu ndiye ajuaye kimepita wapi, kinafunua mdomo wa juu wa Tamar namna mtu anavyofunua gunia kutazama kama viazi vimeoza, na daktari mwenyewe wala hatazami, macho yako dirishani, anaongea na Ned Barlow, mnyapara, habari za farasi... farasi! Mtu ameshika kinywa cha mtoto wa mwenzake na anaongea habari za farasi. "Huyu naye miaka mingapi?" aliuliza, akiuliza ukuta, hakungoja hata jibu, akarudi kwenye farasi wake, na Kezia Hindle jibu analo tayari, amekuja nalo toka nyumbani, tisa, bwana, tisa kamili, neno jepesi, hata mtoto amelifundishwa njia nzima, tisa, bwana, tisa, bwana, wakipanda kilima kwa sauti ya viatu vya mbao juu ya mawe, ila saba ndiyo aliyonayo, saba tu, nane atatimiza sikukuu ya Mikaeli uhai ukiwapo, na kama kuna mtu katika chumba hiki asiyejua kwamba ni saba basi ni yule paka aliyelala kando ya moto. Wakubwa wa London wametunga sheria, eti mtoto wa chini ya tisa asiingie kiwandani, sheria nzuri, imesomwa mpaka kanisani, na kwa kuwa wakubwa hawajui mtoto wa maskini kazaliwa lini, wala hawana haja ya kujua, wakasema basi, daktari amtazame kimo na meno, akionekana wa tisa ni wa tisa, na daktari analipwa na nani? Na tajiri mwenye kiwanda. Hapo ndipo unapojua kwamba watu wale wamesoma, mpumbavu wa kawaida asingeweza kubuni jambo kama hilo, lazima uwe umekaa shule miaka. "...miguu mirefu, Ned, ngozi inang'aa, nilikaa kumtazama tu..." Ndiyo, kaa umtazame, baba, wewe kazi yako kutazama, Jumatatu unatazama watoto, Jumanne farasi, Jumatano unatazama chupa, na mguu wa Enoki, marehemu mwenye viatu hivi, ulipokuja kutazamwa, maana kifua kilipombana mtoto hata miguu ilivimba, ulisema nini? Ulisema apewe mchuzi wa nyama. Mchuzi wa nyama! Kezia aliushika mlango asimcheke usoni, nyama ile wanayoiona Krismasi, akasema ahsante daktari, akapiga na goti, goti hilihili lisilokunjuka.

Na Ned naye anacheka, hee hee, anatingisha funguo kiunoni, Ned Barlow, leo mtu mzima, ana saa mfukoni, ana ukanda wa ngozi umening'inia begani, watoto wakisinzia kwenye mashine anawaamsha nao, wakati Kezia anamjua tangu alipokuwa Ned kamasi, walitambaa pamoja chini ya mashine moja, yeye na Ned, wakizoa pamba iliyoanguka, mashine ikienda na kurudi juu ya vichwa vyao, lala kifudifudi, inuka, lala, na siku mnyapara wa zamani alipomkatalia ruhusa ya kwenda nje Ned alijikojolea palepale akalia, Kezia akamfunikia mkojo kwa pamba asipigwe, kamfunika yeye, mwanamume huyu mwenye funguo, na walipokuwa wanakula mkate wa shayiri nyuma ya boila Ned aliapa, nikiwa mkubwa, Kez, nitawachoma moto wote, akawa mkubwa, akapewa ukanda, akaona kumbe moto wa nini. Ndiye aliyekuja msibani mwa Enoki kofia mkononi, jeneza bado liko mezani, akala keki ya msiba vipande viwili, akafuta makombo, "Pole sana, Kezia, Mungu amempenda zaidi," halafu akashusha sauti, akamvuta kando ya dirisha, "ila unajua tena, dada, nyumba imepungua mkono." Imepungua mkono! Maana nyumba za mtaa ule ni za kiwanda, na nyumba ya kiwanda haipangishwi watu, inapangishwa mikono, mikono ya kuunga nyuzi, ya kufagia, ya kubeba, hesabu ikipungua mnapewa muda wa kulia kidogo halafu mnaulizwa, mnajaza pengo au mnahama? "Yule mdogo si yupo?" Ned alisema, akamtazama Tamar aliyekuwa ameketi chini ya meza, chini ya jeneza, akivalisha kijiko kitambaa, anakibembeleza, "Katembea mapema yule, ana nguvu." Kezia akasema ana saba, Ned. Ned akasema, "Daktari ndiye anayejua ana ngapi." Na watu wanasema shetani ana pembe, shetani ana makombo ya keki kwenye ndevu, huyu hapa.

"...baba yake alishinda mashindano ya Preston..." Baba wa farasi. Na baba wa Tamar je, mbona yeye hashindani na mtu, yuko nyumbani, Silas, bwana mkubwa, ameketi mbele ya kitanda chake cha kufumia ambacho hakijapata uzi tangu theluji ilipoyeyuka, anakipangusa vumbi kila asubuhi, anakipaka mafuta, mfumaji wa mkono haitwi kwa kengele, mke wangu, anasema, baba yangu hakuitwa kwa kengele na mimi siitwi, sawa, hongera, na nani anayeitwa? Mke anaitwa, binti mkubwa Martha anaitwa, Enoki aliitwa mpaka akaitwa na mwingine, na heshima ya Silas inakaa mezani kila jioni, inakula uji, tena inakula vizuri, na jana usiku alipoambiwa kesho Tamar anapelekwa kwa daktari akageuza uso ukutani, akasema mimi sitaki kulijua hilo, fanyeni mnavyofanya. Mfyuu! Sitaki kulijua. Kila mtu hataki kulijua, tajiri anasema mimi namwamini daktari, daktari anasema mimi namwamini mzazi, mchungaji anasema tumtii mwenye mamlaka, na mke wa tajiri anakuja shule ya Jumapili na kofia ya boneti yenye manyoya, anawagawia watoto keki ya tangawizi, anamshika Tamar shavu, "Nani aliyekuumba, mtoto mzuri?" na Tamar anajibu Mungu, bibi, akinyata na keki yake, na bibi anafurahi macho yanamlengalenga, kana kwamba Mungu akisikia ataona haya kuuliza huyo mliyesema nimemuumba mbona mnamtaka chini ya mashine.

"Panua, panua," daktari anasema, hasemi na mtu, anasema na kinywa, na sasa amegeuka kweli, ameinama, kidole kinatembea, kinasimama pembeni mwa meno ya mbele, upande huu pengo, upande ule pengo, na Kezia anajikaza maana hapo ndipo penyewe, hapo ndipo Betty Sugden aliposema, Betty wa nyumba ya mwisho mwenye ushauri kwa kila kitu, ambaye binti yake mrefu ameshapimwa kwa niaba ya watoto wa nusu ya mtaa, leo Susan, kesho Jane, mpaka daktari mwenyewe akamwambia wewe mtoto una majina mengi kuliko mfalme, akacheka, akampitisha, "Ng'oa meno ya utoto, shoga," alisema Betty, "daktari akiona mapengo anajua huyu ameshaanza kubadilisha, si mtoto tena," na Kezia akaona ni kweli, sote wa bonde hili tunaona ni kweli, meno yakitoka utoto umetoka, akachukua uzi, uzi uleule wa kiwandani, ule mgumu usiokatika, akafunga jino, akafunga kitasa cha mlango, jino la kwanza lilikuwa linacheza likatoka bila neno, mtoto akacheka hata, akataka kuliona, ila la pili... la pili lilikuwa zima. Lilikuwa limekaa imara kabisa, halina habari, na Kezia alijua alipoligusa, akalifunga. Mlango mara ya kwanza, mara ya pili, akaacha mlango akavuta kwa mkono, damu, na Tamar akamng'ata, akaking'ata kidole cha mama yake mpaka kwenye mfupa, na mama akamzaba kofi. Halafu wakakaa sakafuni wote wawili. "Kwa daktari usije ukang'ata," Kezia alimwambia, akimfuta kwa aproni, "unanisikia? Ukimng'ata daktari tumekwisha," na mtoto akasema siku hiyo yote kwa ulimi mzito, sing'ati, mama, sing'ati. Alama iko hapa bado, kwenye kidole cha shahada, imekuwa ya kijani.

"Ha!" daktari amecheka, "Ned, njoo uone, hili la huku halikutoka lenyewe hili," na Ned amenyoosha shingo, ameona, wanatazama pamoja, wanaume wawili ndani ya kinywa cha mtoto mmoja, "nani fundi, mama, ni wewe? Umefanya kazi ya bure, pengo si kitu, ningetaka kuona jino kubwa limeota, sasa hapa hakuna hata ncha," na anacheka kwa wema, hana hasira, ndilo linalomchoma Kezia kuliko yote, hana hasira kabisa, kazi ya bure! "Meno hayadanganyi, Ned, wanaodanganya ni akina mama," hee hee, ndiyo, mkubwa, ndiyo, na nyuma kwenye foleni akina mama wengine nao wanacheka kidogo, lile cheko la kujipendekeza, Betty Sugden cheko lake liko juu kuliko yote, sikilizeni hilo domo, yeye aliyetoa ushauri ndiye anayecheka, na wote wameshika watoto wao mabegani, wamewavika viatu vya wakubwa, wamewasuka nywele ziwainue kimo, kundi la bata waliojipanga wenyewe mlangoni kwa mpishi, na Kezia yumo, Kezia yuko mbele. "Haya, mimi sina neno," daktari anasema, anachovya kalamu kwa mkono mwingine, kidole hakitoki, amekisahau mle, "urefu anao, au viatu vyake vinao, si kazi yangu kuvua watu viatu, wewe sema tu kwa kinywa chako mwenyewe, mama, ni wa tisa, nami niandike, maana mzazi ndiye ajuaye." Ahaa. Mzazi ndiye ajuaye. Yaani beseni limezunguka, kila mmoja amenawa mikono humo, London wamenawa, tajiri amenawa, mchungaji, Silas amenawa na uso pia, na maji machafu yamemfikia Kezia, anywe. Mkono usioweza kuukata, ubusu, mama yake alikuwa akisema, na alibusu, maskini, alibusu mpaka midomo ikamtoka malengelenge, ndiye aliyempeleka Kezia kiwandani akiwa mdogo kuliko Tamar, baba akimbeba mgongoni alfajiri angali amelala, mkate umeshatiwa kinywani haujatafunwa, akiamka anajikuta amesimama, na ule usimamaji, siku nzima usimamaji, kuunga, kuunga, mpaka goti la kulia likaanza kuingia ndani, halafu la kushoto likaona vibaya kumwacha mwenzake. Ndivyo wasichana wa pale walivyotembea, ungetembea wima watu wangekuuliza wewe ni mgeni? Haya, sema tisa. Sema basi. Walikuwa wajinga tu, hawakujua, mama hakujua, tajiri wa wakati ule hakujua, na hawa nao ni wajinga, daktari mjinga mwenye ugoro, Ned mjinga mwenye funguo, unaweza kumdharau mjinga huku unamtii, mbona maisha yote amefanya hivyo, unatii kwa goti, kwa moyo unatema mate, na mate ya moyoni hayaonekani, kwa hiyo sema...

"...sasa nimemwambia tajiri jana," daktari anamwambia Ned, kalamu imesimama, ameukumbuka utamu wake, "nikamwambia, bwana, huyu mtoto wa farasi ni mzuri sana, lakini usimfunge gari mwaka huu, wala mwaka ujao usimfunge. Mifupa bado mibichi. Ukimfunga sasa magoti yatapinda, na goti likishapinda, Ned, halinyooki tena, huyo ameharibika." Ned akasema, "Tajiri alikuwa anataka kumfunga mwaka huu huu, ati." "Alikuwa anataka, nikamkataza. Akanisikiliza pia, anampenda. Kamwacha malishoni, ale, akimbiekimbie, muda wake utafika." Na wanatingisha vichwa, wote wawili, kwa upole, wanamwona yule farasi mbele yao kwenye majani.

Kumbe wanajua. Ukuta unatetemeka kwa mashine za upande wa pili, sakafu inatetemeka, wino unatetemeka kwenye kidau, na Kezia amesimama juu ya magoti yake mawili, anayasikia, yamegusana chini ya sketi kama kawaida yao, kumbe wanajua, mifupa mibichi, wanajua, likishapinda halinyooki, wanajua hata jina la jambo lenyewe, wanajua mwaka gani ufunge na mwaka gani usifunge, na yeye miaka yote hii amewasamehe bila kujua kwamba anasamehe, aliwadharau kwa ujinga na ujinga wenyewe hawana, hawakuwa nao hata siku moja, daktari huyu si ndiye aliyeletwa siku Enoki alipokuwa anakataa kuzaliwa, akaingia na mikono yake hiyohiyo, akasema nyonga zimebanwa, ni hawa wa kiwandani, wote ndivyo walivyo, akasema hivyo akivaa koti, wote ndivyo walivyo, basi alijua siku ile, na leo anajua, na kidole kimo kinywani mwa Tamar na anajua. Na wewe? Wewe, Kezia binti wa kubusu mikono, unayewacheka wote, Ned, Betty, bibi wa boneti, Silas na ukuta wake, wewe ulipolishika lile jino la pili likawa zima, hukujua? Ulijua. Wewe ulijua kuliko daktari, daktari angalau hajawahi kusimama juu ya magoti haya, wewe unasimama juu yake, unakwenda nayo sokoni, na ulichukua uzi. Basi usidharau mtu. Au dharau, lakini anzia hapa. Na nyumba? Itakwenda nyumba, ndiyo, Ned atakuja na kofia yake, kitanda cha kufumia cha Silas kitatolewa nje mvuani, na Silas safari hii atalazimika kugeuza uso kutoka ukutani maana ukuta wenyewe hautakuwa wake, Martha atafukuzwa, wataenda kwa dada wa Kezia kule juu mlimani ambako watu wanakula kabichi na upepo, watalala sakafuni, watanuka, Betty Sugden atasimulia mwaka mzima, mwone Kezia alivyojifanya malkia, na hakuna kitu kitakachobadilika, kesho asubuhi foleni itakuwapo hapa, mtoto mwingine atakuwa na kidole hiki kinywani, tisa, bwana. Anajua. Haoni ushujaa wowote. Anaona kabichi.

"Eeh, mama?" daktari anasema, na amegeuka tena dirishani. "Tisa, siyo?" Kalamu imeinama. Nyuma foleni inakohoa, Ned anatazama saa yake, kidole gumba kimelala mle kinywani, kimetulia, kina ugoro wake, na juu ya kidole macho ya Tamar yamemtafuta mama yake, makavu, hayalii, kidevu juu, mabega nyuma, kila kitu kama alivyofundishwa, na meno yaliyobaki yameizunguka ile nyama nyekundu bila kuigusa, yanangoja, sing'ati, mama, sing'ati, na lile neno saba limeshafika kwenye ulimi wa Kezia, lina ladha ya damu kidogo, amelionja, halitemi, analitafutia sauti tu ya kutosha kusikika mpaka mwisho wa foleni, mpaka kwenye mashine, na wakati analitafuta anamtazama mwanawe, anainua kidole chake mwenyewe chenye alama ya kijani, anakigusa mdomoni, ng'ata, mama yangu, ng'ata sasa, ng'ata mpaka kwenye mfupa.